Semista Tatu au Miezi Minane: Chuo na Klabu ya Wavu Kwenye Ukurasa Mmoja

Dada yangu akipiga simu kabla jua halijachomoza, ama kuna msiba ama kuna pesa. Safari hii alisema, "Kaka, mtoto kapata timu Dar. Wanamtaka mwezi wa nne. Njoo tukae." Huku kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo unahesabiwa upande wa mama, na jambo kubwa la mtoto haliishi mpaka mjomba aitwe. Nikashuka kutoka Newala hadi Mtwara mjini na daftari langu la korosho, lile ninaloandikia kilo ninazopeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika, kwa kuwa kurasa za nyuma zilikuwa wazi na nilijua lazima tuchore mstari katikati.

Kikao chenyewe kilikuwa na methali nyingi kuliko tarakimu. Baba mdogo wa binti: mshika mbili moja humponyoka. Bibi: elimu haimwozei mtu mkononi. Jirani, aliyekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi akanogewa na maongezi: bahati haina miadi. Wote walisema kweli na hakuna aliyetusaidia. Binti mwenyewe alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, magoti yote mawili yana makovu meusi ya kujitupa chini, anaitikia kila methali kwa kichwa. Nikaomba simu yake tusome ujumbe wa klabu.

Ulikuwa mistari sita ya WhatsApp. Mkataba wa miezi minane, Aprili hadi Novemba. Shilingi 400,000 kwa mwezi. Chumba, atalala na wenzake wawili. Chakula siku za mazoezi. Aje na cheti cha kuzaliwa na picha mbili. Na wa sita: "Mengine tutaongea ukifika."

Maneno hayo nayajua. Mwaka 2007 nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu nikaambiwa vivyo hivyo na timu moja ambayo siitaji jina. Nilifika Dar na begi la kuazima. Mshahara ukageuka posho, posho ikageuka nauli, nauli ikageuka "vumilia mwezi huu". Mwezi wa kumi na moja niliruka kuzuia smashi nikatua juu ya mguu wa mtu aliyevuka mstari wa kati, goti likaenda kulia na mimi nikaenda kushoto. Aliyenipeleka hospitali ni mama mwenye nyumba. Darasani nilirudi nikiwa na miaka 28, naitwa "babu" na watoto wa kidato cha sita waliotoka mwaka uliopita. Nayaweka haya mapema ili ujue mizani yangu imeinamia wapi. Nilijitahidi kuinyoosha, lakini goti lina kauli yake.

Upande huu na upande ule

Binti ana miaka 21. Anasoma shahada ya ualimu hapa hapa Mtwara, amemaliza semista ya kwanza ya mwaka wa pili, kwa hiyo zimebaki tatu. Anasomea mkopo wa serikali. Anacheza libero, yule wa kupokea mipira nyuma, na hili la libero naomba ulishike, tutalirudia, maana ndilo lililonigeuza mawazo mara mbili.

Jambo la kwanza nililowaambia wenzangu ni kwamba tusilinganishe "elimu" na "kipaji". Hayo ni maneno ya kadi za mahafali. Kilichopo mezani ni semista tatu upande mmoja, na karatasi ya miezi minane upande wa pili. Binti ambaye ndiyo kwanza ameanza mwaka wa kwanza, au ambaye amebakiza semista moja tu, hesabu yake ni nyingine kabisa hata kama klabu ni ileile.

Hela, tukianza na inayoonekana

Nikachora mstari. Kushoto nikaandika KLABU, kulia CHUO.

Klabu inasema 400,000. Kama ni ajira ya kweli, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10 ya mfanyakazi, yaani 40,000. Inabaki 360,000. Kodi ya mshahara haigusi 270,000 za kwanza. Zile 90,000 zinazozidi zinakatwa asilimia 8, ambayo ni 7,200. Mkononi unabaki na 352,800. Kwa miezi minane ni 2,822,400.

Chuo, upande wa kulia, kila mtu alidhani nitaandika sifuri. Nikamuuliza binti, "Bumu lako ni kiasi gani?" Akajibu, "Elfu kumi kwa siku, mjomba." Bumu ni hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, na kiwango hicho kilipanda kutoka 8,500 mwaka wa masomo 2022/23. Siku thelathini ni 300,000.

Nyumba ilinyamaza. Tofauti ya uchezaji wa kulipwa na kukaa darasani, kwa pesa inayoingia mfukoni, ni 52,800 kwa mwezi.

Jirani, ambaye mbuzi ya nazi ilikuwa tayari mapajani, akasema bumu ni deni. Kweli kabisa, na nilimpa heshima yake. Ila deni haliishii getini mwa chuo. Anayeacha masomo analipa kilichokwisha kutolewa kama anayehitimu, na mwajiri yeyote anayefuata sheria anatakiwa kumkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kuipelekea Bodi ya Mikopo. Asilimia 15 ya 400,000 ni 60,000. Sasa mkononi zinabaki 292,800, chini ya bumu. Ahueni ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama lilivyokuwa likivimba kwa watu wa rika langu.

Haki ya klabu nayo tuiseme. Kuna chumba na chakula. Hapa Mtwara binti analipia geto na mwenzake, anapika, gesi inaisha siku mbaya. Nikikadiria chumba na chakula cha Dar kuwa 150,000 kwa mwezi, klabu inashinda kwa pesa ya leo, na inashinda vizuri. Dada yangu alitabasamu hapo. Korosho za mwaka huu zilimlipia mambo mengi, na mtoto anayejilisha mwenyewe ni mzigo uliotuliwa.

Pesa ya keshokutwa je? Kima cha chini cha mshahara serikalini kimekuwa 500,000 tangu Julai 2025, na mwalimu mwenye shahada huanzia juu ya hapo. Lakini sitaki kumdanganya mtoto wa dada yangu. Mwanzoni mwa 2025 nafasi za walimu 14,648 ziliombwa na watu zaidi ya 200,000. Mtaani kwetu wapo waliohitimu miaka mitano iliyopita wanauza vifurushi vya simu. Ukiwa na shahada unasimama kwenye foleni ndefu. Usipokuwa nayo, hata hiyo foleni unaiangalia kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo upande wa kulia sikuandika "ajira". Niliandika "foleni", na binti akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nafasi anayocheza

Hili hakuna aliyeuliza, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mpiga smashi anaishi kwa mruko. Wavu wa wanawake uko mita 2.24 kutoka chini, wa wanaume mita 2.43, na kila mpira anaopiga ni kupanda na kushuka, mara mia au zaidi kwa siku ya mazoezi. Mishipa ya chini ya kilele cha goti inachoka mapema. Mtu wa namna hiyo, akiwa mrefu na mruko wake uko kileleni akiwa na miaka 19 au 20, ana sababu ya kusema chuo kinisubiri. Tijana Bošković wa Serbia alijiunga na Eczacıbaşı ya Uturuki mwaka 2015 akiwa na miaka 18, na hakuna mjomba mwenye akili ambaye angemwambia asubiri mahafali. Urefu wake unapita mita 1.90.

Libero ni kiumbe mwingine. Ndiye yule mwenye jezi ya rangi tofauti na wenzake. Kwa kanuni za kimataifa hapigi sevu, hazuii wavuni, na haruhusiwi kushambulia mpira ulio juu ya ukingo wa wavu. Kazi yake ni kupokea sevu na kuokoa mipira iliyokwisha kuonekana imekufa. Anatumia macho, miguu na uzoefu, na uzoefu unaongezeka umri unavyosonga. Serginho wa Brazil alichukua dhahabu ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na miaka 40, tena akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano yale. Libero.

Kwa hiyo kwa mpwa wangu, miezi kumi na sita ya kumaliza chuo haili mtaji wa mwili wake kama ambavyo ingeula wa mshambuliaji. Akihitimu atakuwa na miaka 22. Kwa libero huo ni umri wa kuanza.

Upande wa pili wa shilingi haupendezi sana. Ligi nyingi za nje zina kikomo cha wachezaji wa kigeni, na klabu ikiwa na nafasi mbili au tatu za wageni huzitumia kwa wapiga smashi na wazuiaji warefu. Libero wanamtafuta nyumbani. Ndoto ya Ulaya, ambayo baba mdogo aliitaja mara nne, kwa binti wa mita 1.63 ni nyembamba. Nilimwambia hivyo mbele ya watu na haikuwa rahisi. Akasema tu, "Najua, mjomba. Najua tangu kidato cha tatu." Mchanga wa ufukweni nao hauna msaada kwake, japo Shangani tunayo: wavu wa ufukweni wanacheza wawili wawili, na nafasi ya libero haipo kabisa.

Chuo kinampotezea nini uwanjani

Hapa mizani yangu ilipaswa kunyooshwa kwa nguvu. Jioni nilikwenda naye uwanjani, kwa sababu maneno ya sebuleni yana mwisho.

Wavu mmoja, umefungwa kwenye nguzo mbili za bomba. Urefu wanaupima kwa mwanzi uliochongwa alama mbili, moja ya 2.24 na ya juu 2.43, maana wavulana wanatumia uwanja huohuo wakimaliza wasichana. Mipira miwili, mmoja unavuja, unajazwa kabla ya mazoezi na katikati ya mazoezi. Wasichana kumi na nne. Kocha ni mwanafunzi mwenzao wa mwaka wa tatu. Wanafanya siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu, mpaka giza liingie.

Nilikaa kwenye tofali nikahesabu. Kwa saa nzima binti alipokea sevu thelathini na moja. Libero anayetaka kuwa wa maana anahitaji mamia kwa wiki, tena sevu ngumu, zile zinazoyumba hewani kama nzi aliyelewa. Klabu ya Dar inafanya mazoezi mara mbili kwa siku. Huo ndio utajiri halisi wa ule upande wa kushoto wa daftari, na hauko kwenye zile 400,000. Mwaka mmoja wa mipira ya aina hiyo ungemfanya mchezaji mwingine.

Nikawaomba wavulana wampigie sevu ishirini, wavu ukiwa juu kwenye alama ya pili. Mbili za kwanza zilimpita begani. Ya tatu ikamwangusha. Kuanzia ya sita akaanza kusogea kabla mpira haujavuka wavu. Kumi na mbili kati ya ishirini zilifika mikononi mwa seta, yule anayewaandalia washambuliaji mpira, bila seta kuhama hatua mbili. Wavulana wakaanza kupiga kwa hasira, hiyo ni dalili nzuri.

Nikaandika kulia: "Mazoezi ya wavulana, mara mbili kwa wiki." Si sawa na klabu, na sitajifanya ni sawa. Ni nusu yake labda. Lakini ipo, ni bure, na haimtoi darasani. Na mashindano ya vyuo vikuu ya TUSA yanamweka mbele ya macho ya makocha bila kuhama mkoa.

"Mbona Marekani wanafanya vyote viwili?"

Baba mdogo aliuliza hivi, na ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Marekani mchezaji wa chuo ana misimu minne ya kushindana, na vyuo vikubwa humlipia ada, malazi na chakula kwa sababu ya mpira. Msimu wa wanawake unachezwa vuli na fainali ni Desemba. Kwa miaka mingi nyumbani kwao hakukuwa na ligi ya kulipwa ya maana, kwa hiyo mtu alimaliza chuo, akafungasha, na Januari yuko Italia, Uturuki au Puerto Rico. Ligi zao wenyewe ni za juzi: Athletes Unlimited ilianza 2021, Pro Volleyball Federation Januari 2024, na League One Volleyball Januari 2025.

Yaani kwao chuo ndicho kiwanda cha wachezaji. Kuna ukumbi, makocha, daktari wa timu. Kwetu chuo ni mahali unaposomea huku ukiiba jioni ya kucheza. Kusema "amalize kwanza kama Wamarekani" bila kuutaja ule mpira unaovuja ni kumwonea binti. Ila lipo somo moja dogo la kuchukua huko: mwenye ndoto ya kuomba ufadhili wa michezo wa vyuo vya Marekani asikimbilie kuchukua mshahara wa klabu popote, kwa sababu kanuni zao kuhusu waliokwisha kulipwa zinaweza kumfungia mlango.

Mfano ulio karibu nasi ni Kenya. Malkia Strikers, timu yao ya taifa ya wanawake, wamekwenda Olimpiki 2000, 2004, 2020 na 2024, na uti wa mgongo wa timu hiyo umetoka Kenya Prisons, Kenya Pipeline na KCB: magereza, kampuni ya mafuta, benki. Mchezaji pale huwa na mwajiri mwenye ofisi. Huku kwetu timu za majeshi zimekuwa na mtindo wa aina hiyo; unaingia kama askari na unacheza kama askari, na siku goti likikataa bado una namba ya kazi. Ofa ya namna hiyo ingekuja leo, na ikaja na barua ya ajira, ningefunga daftari na kumwambia afungashe. Shahada angeimalizia humo humo. Nafasi hizo hutangazwa na kikomo cha umri, na umri haurudi nyuma.

Tofauti kati ya mwajiri mwenye timu na timu isiyo na mwajiri ndiyo watu wanaipita mbio. Zote zinaitwa "kucheza kwa kulipwa".

Goti likigoma

Mwanafunzi ana bima ya afya ya 50,400 kwa mwaka. Hapa Mtwara tuna Ligula, na siku hizi tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Upasuaji mkubwa wa goti bado watu wengi wanaelekezwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Ukiacha chuo bima ile inaishia getini, kwa hiyo swali kwa klabu ni jepesi: nikiumia mazoezini, nani analipa, na mshahara unaendelea kwa miezi mingapi? Kwa mistari sita ya WhatsApp jibu halikuwemo.

Na kwa kuwa ni binti, kuna swali ambalo wanaume kikaoni walitazama dari nilipolitaja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mwanamke siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Inampa mfanyakazi. Anayechezea posho hana kitu. Bibi peke yake ndiye aliyesema, "Muulizeni na hilo."

Njia za katikati, na ipi ni ya kweli

Binti alikuja na pendekezo lake: aende Dar, arudi kufanya mitihani. Nilimpenda kwa kufikiri, lakini nikamkatalia. Kutoka Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 550, siku nzima ya basi kama barabara inakubali. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga, watu walilala njiani na wengine wakarudi walikotoka. Mtihani hauahirishwi kwa sababu daraja limekwenda na maji. Zaidi ya hapo kuna mahudhurio, majaribio na mazoezi ya kufundisha, na shule anayopangiwa mwalimu mwanafunzi haitaki kusikia habari za ligi.

Kuahirisha mwaka ni jambo jingine, na hili ni halali kabisa. Anaandika barua chuoni kabla hajaondoka, anapewa jibu la maandishi, na Bodi ya Mikopo inajulishwa. Nafasi yake inabaki kwa muda ambao kanuni za chuo zinaruhusu. Wanaoharibu ni wale wanaopotea tu, mwezi wa nne hawaonekani, mwezi wa saba jina limefutwa. Mimi nilipotea. Barua ingenichukua dakika kumi.

Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo Mtwara na kingine Lindi, na Dar hakikosekani. Kwa mchezaji anayesafiri, masomo ya namna hiyo yanakwenda na ratiba yake, japo yanataka nidhamu ambayo mimi nikiwa na miaka 21 sikuwa nayo. Kuhamisha alama kutoka chuo kimoja kwenda kingine si kazi ya wiki moja, kwa hiyo hii ni njia ya mwenye mkataba mrefu. Kwa miezi minane ni usumbufu mtupu.

Ya nne ndiyo niliyoipigia mstari: likizo ndefu. Agosti hadi Oktoba chuo kimefungwa. Mashindano yetu mengi ya wavu ni ya kukusanyika kituo kimoja kwa siku chache, siyo kila wikendi kama Ligi Kuu ya soka. Klabu inayomtaka kweli inaweza kumwita miezi hiyo mitatu, ikamwona, naye akawaona.

Ofa ya nje ya nchi sikuiandikia safu, kwa sababu haipo. Ila ikija, nilimwachia jambo moja. Kila mchezaji anayehama nchi anahitaji cheti cha uhamisho wa kimataifa kinachopitia mfumo wa shirikisho la dunia, FIVB. Chama chetu cha wavu kinaidhinisha, chama cha nchi anayokwenda kinaidhinisha, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Wakala anayetaka umtumie hela ya viza kabla hujaona hata jina la klabu kwenye mfumo huo anataka hela ya viza. Basi. Makaratasi yameangusha hata mataifa: Kigali mwaka 2021, timu ya wanawake ya Rwanda iliondolewa kwenye ubingwa wa Afrika iliokuwa ikiuandaa yenyewe, kisa wachezaji wanne wenye asili ya Brazil.

Nilichomwambia

Sikumwambia baki. Nilimwambia kwamba kwa libero wa miaka 21 aliyebakiza semista tatu, mbele ya ofa isiyo na jina la mwajiri wala mstari wa majeraha, daftari langu linainama kulia. Angekuwa mpiga smashi wa mita 1.85, lingesimama katikati. Ingekuwa barua ya ajira ya jeshi au ya benki, lingeinama kushoto bila kubishana. Halafu nikampa simu yake aandike mwenyewe. Aliandika maswali sita, moja kwa kila mstari waliomtumia: mwajiri kisheria ni nani, mshahara unalipwa tarehe ngapi na kwa njia gani, NSSF ipo, nikiumia, nikitaka kuondoka au mkitaka niondoke, likizo ya uzazi. La mwisho alilisoma kwa sauti ili bibi asikie.

Jibu lilikuja kesho yake usiku, nimeshafika Newala. "Shikamoo, mjomba. Wamejibu." Marahaba, soma. Walimtumia picha za kurasa mbili. Tarehe zipo. Laki nne zipo, zimefuatiwa na maneno "kulingana na hali ya klabu". Kwenye majeraha wameandika mchezaji atajigharamia mwenyewe. Uzazi haumo.

"Umewajibuje?"

"Nimewaambia naweza kuja Agosti, kwa mashindano tu, wanipe nauli na posho kwa maandishi. Wameona, hawajajibu."

Kisha akaniuliza kama naweza kumtumia 25,000. Mpira unaovuja haushiki tena upepo, na wavulana wamekubali kuchangia nusu.